Sandwichi ya siagi ya karanga: namna ya kuipata ile ya kwako

Watu wawili wanaopenda siagi ya karanga wanaweza kukosana hata kabla ya chupa kufunguliwa. Mmoja anataka laini, mwenzake anataka yenye chenga. Mmoja haoni sandwichi bila jamu ya stroberi, mwingine anasema hiyo ni kuionea karanga. Na pembeni yupo yule anayepanga vipande vya achari ya tango juu ya siagi yake, anauma, anatafuna taratibu, na wote wanamtazama kana kwamba kafanya jinai. Hakuna aliyekosea. Ila wengi hawajui kwa nini wanapenda wanachokipenda, ndiyo maana wakibadilishiwa mkate au chupa wanashangaa mbona sandwichi leo haina ladha.

Mwongozo huu unashika jambo moja. Siagi ya karanga ni nzito na inanata: karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, robo hivi ni protini, na maji ndani yake ni kidogo mno. Ukiila na mkate mtupu, inafyonza mate na kung'ang'ania kaakaa. Kwa hiyo kila unachoiandamanisha nacho kina kazi ya kufanya. Kuna vya kuleta majimaji, vya kuleta uchachu, vya kuleta chumvi, na vya kuleta kitu cha kutafuna. Ukishajua mdomo wako unadai kipi, kuchagua kunakuwa rahisi.

Kabla ya yote, kama unamtengenezea mtu mwingine, uliza kuhusu mzio wa karanga. Usikisie, wala usijifariji kwamba kidogo hakidhuru. Kwa mwenye mzio mkali, hata kisu kilichopanguswa tu kwa kitambaa kinatosha kumpeleka hospitali.

Hatua ya 1: Ijue chupa yako

Geuza chupa usome lebo. Kuna aina kubwa mbili, na kwenye mkate hazifanyi kazi sawa.

Ya kwanza ni karanga tupu, au karanga na chumvi basi. Ikikaa, mafuta yanapanda juu na chini linabaki donge zito. Ya pili imetiwa chumvi, sukari kidogo, na mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, kwa kawaida asilimia 1 au 2 tu, ambayo huyashika yale mafuta ya karanga yasijitenge. Ujanja huo ulibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Joseph Rosefield, ambaye baadaye aliingiza sokoni siagi ya karanga ya chapa ya Skippy na ndiye anayetajwa kuanzisha ile yenye chenga. Nchini humo sheria inadai bidhaa iwe na karanga zisizopungua asilimia 90 ndipo iitwe siagi ya karanga. Hicho ni kipimo kizuri cha kutembea nacho kichwani popote ulipo: karanga zikiwa chache kuliko hapo, unanunua sukari na mafuta kwa bei ya karanga.

Kwa ulimi, tofauti iko wazi. Ya karanga tupu ina harufu ya ukaangaji na uchungu mdogo unaobaki nyuma ya ulimi. Inakwenda vizuri na vitu vitamu kwa sababu yenyewe haina utamu wa kuzidisha. Ya kiwandani ni laini, tamu, na inakaa palepale ulipoipaka. Ukiiunganisha na jamu inaweza kukinai haraka, lakini ukiiunganisha na achari au pilipili, ile sukari yake kidogo ndiyo inayopatanisha mambo.

Kama yako ni ya karanga tupu, usimwage yale mafuta ya juu. Ukiyamwaga, wiki ijayo utakuwa unachimba tofali. Laza chupa kichwa chini tangu usiku, kifuniko kikiwa kimekazwa. Asubuhi chukua kisu chembamba cha mezani, maana kijiko hapa ni kipana mno, ukizamishe ubavuni mwa chupa hadi kiguse chini, kisha ukiinue polepole kama unayefukua. Endelea kuzunguka ukuta wa chupa hadi kisu kisigonge donge kavu popote. Ukimaliza, tia friji: baridi inayazuia mafuta yasipande tena. Itoe nusu saa kabla ya kupaka.

Laini au chenga? Mimi ni wa chenga, na sina mpango wa kubadilika. Ila nakubali chenga hazifai kila mahali. Kwenye mkate laini zinachana, na ukizichanganya na jamu yenye mbegu nyingi, mdomo unakuwa na shughuli kupita kiasi. Kwa ndizi, chagua chenga. Kwa jamu yenye vipande vya matunda, chagua laini.

Jambo moja la kando kwa wenye mbwa wanaopenda kulamba kijiko: baadhi ya siagi za karanga zisizo na sukari hutiwa zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo kwa mbwa ni sumu. Soma lebo kwanza.

Hatua ya 2, kwa mwenye nafasi: Saga mwenyewe

Unaweza kuiruka hatua hii bila hasara kubwa. Lakini anayetaka kujua anapenda nini hasa, asage angalau mara moja, kwa sababu hapo ndipo utaona kwamba sehemu kubwa ya ladha inatoka kwenye moto.

Chambua karanga mbichi kwanza. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, itupe bila huruma. Ukungu wa karanga unaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa. Kisha tandaza karanga safu moja kwenye trei ya oveni yenye joto la nyuzi 170 za Selsiasi, dakika 15 hadi 20, ukizigeuza katikati. Huna oveni? Kikaango kizito, moto mdogo, na mkono usiopumzika. Usingoje ziwe kahawia kabisa, kwa kuwa zinaendelea kuiva hata baada ya kutolewa. Vunja moja katikati: ndani ikiwa na rangi ya mchanga mkavu na harufu imeshajaa jikoni, toa. Ukipenda ladha nzito, ongeza dakika mbili. Ukiongeza tano, utapata uchungu ambao hata asali haiufichi.

Zikipoa kiasi cha kushikika, zisugue kwa kitambaa maganda yatoke, uzipepete, kisha uzitie kwenye mashine ya kusagia zikiwa bado vuguvugu, maana mafuta hutoka kwa urahisi zaidi. Kwanza utaona unga. Kisha unga utajikusanya donge litakalozunguka ndani likigonga kuta, na hapo wengi hukata tamaa wakadhani mambo yameharibika. Zima, kwangua pembeni, pumzisha mashine isiungue, washa tena. Donge litalegea lenyewe, ling'ae, na mwishowe litiririke.

Wakati huo wote usitie maji, hata tone. Ungetarajia maji yalainishe, lakini hapa yanafanya kinyume: chembe za karanga zinayanywa, zinashikana, na siagi inakaza ghafla. Kama ni lazima ulainishe, tumia kijiko cha mafuta ya karanga au mafuta mengine yasiyo na harufu. Chumvi iwe laini kama unga, nusu kijiko cha chai kwa gramu 500 za karanga, kisha uonje. Ukitaka chenga, weka pembeni gramu 100 za karanga zilizokaangwa, zipondeponde kwa kinu, uzikoroge kwa mkono mwishoni.

Hatua ya 3: Chagua mkate kwa kuangalia uzito

Siagi ikiwa nzito, mkate uwe mwepesi. Siagi ikiwa laini na tamu, mkate unaweza kuwa na nguvu. Hiyo ndiyo kanuni, na inatatua mengi.

Mkate mweupe laini wa slesi unaidhinishwa na watoto wa kila mahali, na si kwa kukosa ladha nyingine. Unayeyuka mdomoni na kuiachia karanga uwanja. Shida yake ni kuchanika unapopaka. Mkate wa ngano nzima una utamu wake na unavumilia jamu bila kulowa. Mkate wa chachu ya asili una uchachu, kwa hiyo unafanya nusu ya kazi ya jamu, na anayeona jamu ni tamu mno aanzie hapo. Mikate yenye mbegu juu ni mizuri, ila ukishatia na siagi ya chenga, utatafuna mpaka taya zidai likizo.

Kuoka au kutooka slesi ni suala la wakati. Tosti ya moto inaiyeyusha siagi, inaingia kwenye vitundu, na harufu inafunguka. Lakini ukifunika slesi ya pili ikiwa bado na mvuke, ule mvuke hauna pa kwenda na tosti inalegea. Simamisha slesi zako ziegemeane kwa dakika moja, ndipo upake. Na kama unabeba sandwichi ya kula baadaye, usioke: tosti iliyokaa kwa muda wa saa nne ina ugumu wa ngozi.

Hatua ya 4: Kupaka

Vijiko viwili vya mezani, yaani gramu 32 hivi, ndicho kipimo kinachoandikwa kwenye lebo nyingi, na kina kalori zipatazo 190. Kwa sandwichi ya slesi mbili kinatosha. Wengi wetu tukiachwa na chupa tunatia zaidi, na hilo ni juu yako, ila fahamu kwamba ukizidisha siagi lazima uzidishe na majimaji, la sivyo utaishia kuisukuma kwa maji.

Usianze ukingoni. Dondosha siagi katikati ya slesi, kisha isukume kwenda nje kwa ubapa wa kisu, ukiinua kisu mwishoni mwa kila mpako badala ya kukiburuta kurudi. Kukiburuta kurudi ndiko kunakong'oa nyama ya mkate. Fika hadi ukingoni kabisa. Sandwichi yenye ukingo mkavu ni dharau kwa mlaji.

Halafu ile siri ya wanaobeba chakula: paka siagi ya karanga slesi zote mbili, nyembamba, na jamu ikae katikati. Mafuta yanazuia maji ya jamu yasipenye kwenye mkate, na saa nne baadaye hutakuta ile doa nyekundu iliyolowa upande mmoja. Uwiano ninaoupendekeza kuanzia ni sehemu mbili za siagi kwa moja ya jamu. Wengine wanataka nusu kwa nusu. Mimi huona hapo karanga imeshakuwa mgeni kwenye karamu yake.

Hatua ya 5: Mpe mwenzake

Hapa ndipo penye ugomvi, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

*Jamu.* Mapishi ya kwanza yanayojulikana kuchapishwa ya siagi ya karanga pamoja na kitu cha jamii ya jamu yalitoka Marekani mwaka 1901, yakiandikwa na Julia Davis Chandler kwenye jarida la mapishi la Boston. Yeye alitaja jeli za matunda makali, si zabibu wala stroberi. Alikuwa na jicho. Uchachu wa tunda ndio unaokata mafuta ya karanga, kwa hiyo jamu bora kwa kazi hii ni ile inayokukunja uso kidogo ukiilamba peke yake: rasiberi, plamu, pasheni, au stroberi iliyopikwa kwa sukari ya wastani. Jeli ya zabibu ndiyo mashuhuri kuliko zote, na ndiyo tamu kuliko zote. Ukiipenda, iweke juu ya siagi ya karanga tupu yenye chumvi. Mamaledi ya machungwa haipewi heshima yake: ina uchachu na uchungu pamoja na maganda ya kutafuna, vyote ndani ya kijiko kimoja. Ijaribu juu ya tosti ya ngano nzima.

Jamu yako ikiwa tamu mno na ndiyo uliyo nayo, usiitupe. Ichanganye na matone machache ya maji ya limau kwenye kisahani kabla ya kupaka. Inabadilika hapohapo.

*Asali.* Ukiipaka moja kwa moja kwenye mkate, inazama, inanyonya unyevu, na baada ya muda inaacha gamba gumu. Wapo wanaolipenda gamba hilo kuliko sandwichi yenyewe. Kama humo miongoni mwao, itie katikati ya siagi mbili kama nilivyosema kwenye jamu. Usiikoroge ndani ya siagi ukidhani utarahisisha, kwa sababu asali ina maji, na yale yaliyotokea kwenye kusaga yatatokea hapa pia: siagi itakaza. Inyunyize tu juu kwa mkondo mwembamba. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, na siagi ya karanga nzito isiyoyeyushwa inaweza kumkaba.

*Ndizi.* Ndizi inaleta ulaini na utamu lakini haileti uchachu wala mkwaruzo, kwa hiyo inahitaji msaada. Chukua iliyoiva ya manjano yenye madoa machache ya kahawia. Iliyojaa madoa ni tamu mno na inateleza. Kosa la wengi ni kuikata miduara: ukiuma upande huu, miduara inatorokea upande ule. Ikate kwa urefu, vipande vitatu vyenye unene wa nusu sentimita, uvilaze sambamba juu ya siagi ya chenga, uvikandamize kwa vidole hadi vizame kidogo. Kisha chumvi ya chengachenga, mkupuo mdogo wa vidole viwili, na ukipenda, mdalasini. Chumvi ndiyo inayoiamsha. Bila hiyo, sandwichi ya ndizi ni chakula cha mgonjwa.

*Tufaha.* Lile la kijani, kali, na ganda lake. Vipande vyembamba vya milimita tatu, vipangwe vikipandiana kama vigae vya paa. Vina maji, vina uchachu, vina mlio. Kwa hesabu zangu tufaha linafanya kazi tatu peke yake, na ndiyo maana nikiulizwa sandwichi ya kuanzia kwa mtu asiyependa siagi ya karanga, natoa hii.

*Vya chumvi na ukali.* Achari ya tango inashangaza wengi, lakini ina historia ndefu kwa Wamarekani, na ukiifikiria kwa kanuni yetu haina ajabu yoyote: siki, chumvi, maji, mlio. Chagua achari ya chumvi na siki badala ya ile ya sukari, ikate vipande vyembamba, na uvikaushe kwa karatasi ya jikoni, uvikandamize kabisa. Usipovikausha, maji ya siki yanaingia kwenye siagi na kuifanya iwe na vidonge. Tumia siagi ya kiwandani na mkate mweupe. Uma mara mbili kabla ya kutoa hukumu, maana ya kwanza ni mshtuko tu.

Kitunguu chekundu kibichi kinafaa pia, kikatwe chembamba kiasi cha kuona kisu upande wa pili, kilowekwe kwenye maji baridi dakika 10 ukali upungue. Pilipili ya chupa yenye siki inafaa kuliko pilipili ya unga. Jibini gumu la chumvi linakwenda na siagi na tufaha kwa pamoja, lakini jibini na siagi peke yake ni mafuta juu ya mafuta. Bekoni iliyokaangwa hadi ivunjike inaleta moshi na chumvi. Kwa asiyekula nguruwe, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi ikikaangwa vilevile inafika hapohapo.

*Chokoleti.* Nyeusi, yenye kakao asilimia 70 au zaidi, ikunwe juu ya tosti ya moto. Ile ya kupaka ya chupa siipendekezi, kwa kuwa inaifuta karanga kabisa.

Hatua ya 6: Ukitaka kuikaanga

Sandwichi ya ndizi na siagi ya karanga iliyokaangwa imeunganishwa na jina la mwimbaji wa Marekani Elvis Presley kiasi kwamba wengi huiita kwa jina lake, wakati mwingine na bekoni ndani. Utaratibu ni mfupi. Funga sandwichi, paka siagi ya maziwa iliyolainika upande wa nje wa slesi zote mbili, na ulaze kwenye kikaango baridi. Ndipo uwashe moto, mdogo. Dakika tatu, chungulia chini, ikiwa rangi ya asali geuza, dakika mbili nyingine. Usiikandamize kwa mwiko, kwa sababu siagi ya karanga ikishika joto inakuwa majimaji na itakimbilia nje, iungue kwenye kikaango. Ikitoka, ngoja dakika mbili. Siagi ya karanga iliyoyeyuka inashika joto na inanata, na ikikuunguza kaakaa hutaonja kitu siku nzima.

Jamu usiikaange. Inachemka na kuchuruzika.

Hatua ya 7: Tafuta ya kwako kwa kujaribu

Chukua slesi moja kubwa, tosti au mbichi, uipake siagi ileile hadi kingo zote, uikate robo nne. Kila robo itie mwenza mmoja: ya kwanza tufaha, ya pili jamu kali, ya tatu ndizi na chumvi, ya nne achari. Anza na ndizi, kisha jamu, kisha tufaha, achari mwisho, kwa sababu ukianza na achari zingine zote zitaonja siki. Kunywa maji katikati.

Usijiulize ipi tamu zaidi. Jiulize ipi umeimeza bila kuhitaji maji, na ipi ulitaka kuumega tena kabla hujamaliza uliyonayo mdomoni. Kama ni ya tufaha na ya achari, wewe ni mtu wa uchachu na mlio, na jamu tamu haitakuridhisha hata iwe ya gharama gani. Kama ni ya ndizi, unataka ulaini, basi tafuta siagi laini na mkate mweupe. Siku nyingine badilisha kitu kimoja tu: siagi, au mkate, si vyote. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua nani wa kusifiwa.

Watoto wanalipenda zoezi hili, na ni njia nzuri ya kumaliza kesi ya "mimi sitaki ya kaka". Kila mmoja anapewa slesi yake na kisu chake.

Hatua ya 8: Kukata, kubeba, kunywa

Kata kwa kisu chenye meno, kwa mwendo wa msumeno, bila kukandamiza. Pembe kwa pembe ni bora kuliko katikati, kwa sababu unapata ncha ya kuanzia kuuma ambapo kujazwa kumefika na maganda ni machache.

Ya siagi na jamu inavumilia nusu siku nje ya friji bila wasiwasi, mradi imefungwa vizuri isikauke. Ya ndizi inabadilika rangi, haidhuru lakini haipendezi, basi beba ndizi nzima na uikate wakati wa kula. Tufaha lipitishe kwenye maji yenye limau. Yenye jibini, yai au nyama isikae kwenye joto zaidi ya saa mbili.

Kinywaji? Maziwa baridi yanasafisha kaakaa kuliko maji. Chai ya rangi isiyo na sukari inakwenda na jamu, maana ule ukakasi wake unafanya kazi ya uchachu. Kahawa chungu kwa ya ndizi au ya chokoleti. Soda na juisi tamu ziache pembeni. Sandwichi imeshakuwa na sukari yake.

Na chupa ikifika mwisho, pale kisu hakikwangui tena ila kutani bado kumejaa, usiioshe. Mimina maziwa ya moto nusu kikombe, funga, tikisa kwa nguvu ukiwa umeshika kifuniko kwa kitambaa, ufungue kidogo kutoa mvuke, utikise tena. Chumvi kidogo, mdalasini ukipenda, unywe kwenye chupa hiyohiyo.